Mzigo wa Nzi

Wahenga walinena ya kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hiyo huambiwa wanadamu, lakini wataalamu wanaofuatia safari za wadudu nao hawana budi kuikumbuka, kwani wao humtwika nzi mzigo, kisha wakampima arukavyo.

Nzi tumzungumziaye leo si yule wa jikoni. Ni nzi wa maboga, mwenyeji wa Asia aliyekwisha kuenea Afrika Mashariki na katika visiwa vya Hawaii. Jike lake hutoboa tango, boga, mumunye au tikiti changa na kutaga mayai ndani yake. Mayai yakianguliwa, funza hulila tunda kwa ndani hata likaoza, na mama aliyetegemea kuuza matango ili awanunulie watoto madaftari hubaki na majani matupu.

Je, nzi huyu huenda umbali gani? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua mitego iwekwe wapi, na nzi akizuka mahali papya, eneo la kuzuia matunda yasitolewe liwe na upana gani. Kwa miaka mingi wataalamu waliwapaka nzi rangi ya unga, wakawaachia, kisha wakawatafuta mitegoni. Njia hiyo huonyesha nzi alipoanzia na alipokomea. Aliyopitia katikati hubaki siri yake.

Katika uchunguzi wa Hawaii uliotangazwa mwaka 2022, nzi walibandikwa waya mwembamba wa nitinoli, madini mchanganyiko yanayopindika na kujinyoosha yenyewe bila kutatizana. Waya huo hauna betri. Mtafutaji hutuma mawimbi ya rada, nao huyapokea na kuyarudisha kwa kasi ya mtetemo iliyozidi mara mbili. Hivyo sauti ya nzi haichanganyiki na mwangwi wa miti na mawe. Kila waya ulikuwa na uzito usiofika miligramu moja.

Msomaji atasema, miligramu moja ni nini? Kwetu si kitu. Lakini nzi thelathini kwa pamoja hawafiki gramu moja! Iwapo mzigo unamchosha, ataruka hatua fupi, nasi tutaamini kuwa ni mkaa nyumbani, hali wenzake wasio na mzigo wamekwisha kuvuka hadi kijiji cha pili. Kwa sababu hiyo wataalamu walianza kwa kuwajaribu nzi wenye waya, wasione dhara lililo wazi katika kuruka kwao. Hata hivyo yafaa tuwe na hadhari: nzi asiye na waya haonekani na rada, kwa hiyo hakuna awezaye kuwalinganisha wawili hao hatua kwa hatua huko shambani.

Yaliyoonekana yanastahili kusikilizwa. Kati ya nzi 36 waliofuatwa ndani ya vizimba vikubwa, 30 walishika upande mmoja badala ya kuzungukazunguka, na kila mmoja alikuwa na upande wake. Upepo ulichangia, ila haukuwa sababu pekee. Na mahali palipo wazi, miruko kwa wastani ilikuwa mirefu kuliko katika shamba la mipapai au kizimbani.

Hapa ndipo penye funzo kwa kaya zetu. Nzi aendaye mbele bila kugeuka hajui mpaka wa shamba. Ukisafisha lako na jirani akaacha matango yaliyooza yakitapakaa, kazi yako ni nusu. Basi na tufanye pamoja. Okoteni matunda yaliyotobolewa kila baada ya siku chache, myafukie kina cha nusu mita, wala msiyatupe jaani, kwani funza hutoka humo wakaingia udongoni na kurudi wakiwa nzi. Matunda machanga yafungwe kwa karatasi mara ua linyaukapo. Hata gazeti hili, likishasomwa, litafaa.

Mtaalamu aliyeko mbali huupima mzigo wa nzi kwa miligramu. Sisi tunaupima kwa vikapu vinavyorudi kutoka sokoni vitupu, na mzigo huo hauwezi kubebwa na kaya moja.