NANI ALIYELETA UPEPO?

Ndugu Wafanya Kazi,

Kila mara ndege ndogo ikitoka njiani wakati wa kutua, twasikia neno moja tu: "Rubani alishindwa kuiongoza." Faili inafungwa, na tajiri ananawa mikono kama Pilato. Sisi wa reli twaijua sana lugha hiyo. Behewa likianguka huulizwa dreva kwanza. Mataruma mabovu huulizwa baadaye, au hayaulizwi kabisa.

Basi tuseme kweli. Upepo wa mbele ukivuma sawasawa ni rafiki, huipunguzia ndege mbio za kutua. Adui ni ule wa ubavuni. Ndege ikiwa hewani, rubani huelekeza pua kidogo kwenye upepo, au huinamisha bawa la upande ule, asisukumwe nje ya njia. Lakini kabla ya kugusa chini lazima ainyooshe, kwa maana gurudumu halikuumbwa kwenda kimbavumbavu. Na akiisha kugusa, kazi bado. Mabawa yangali yamebeba uzito, breki hazishiki vizuri. Mwendo ukipungua, usukani wa mkia unaishiwa nguvu, upepo unausukuma mkia, na pua inageukia upepo kama yule jogoo wa bati juu ya paa la kanisa. Ndege zenye gurudumu dogo mkiani ni mbaya zaidi: uzito wao uko nyuma ya magurudumu makubwa, zikianza kugeuka huzunguka kama pia. Yote hayo kwa sekunde chache!

Mabwana hujibu, "Kitabu cha ndege chakubali." Haya, tukisome. Kitabu cha Cessna 172S chataja upepo wa ubavuni wa kama kilomita 28 kwa saa. Lakini hiyo si ahadi. Ni kipimo kilichoonyeshwa wakati wa majaribio, na rubani wa majaribio ni fundi wa mafundi. Je, ndiye huyo anayetua alasiri, amechoka, kwenye murram yenye mashimo?

Uwanja wa Wilson, Nairobi, una njia mbili zinazoelekea pande mbalimbali. Rubani aweza kupewa ile iliyo afadhali. Kiwanja cha njia moja hakina la kuchagua. Njia ile ilichimbwa na rubani? Na ule mfuko wa kitambaa uonyeshao upepo ukiraruka, nani wa kununua mwingine?

Dawa iko, na kila rubani aijua: mambo yakiharibika, aongeze nguvu ya injini, apae tena, au aende kiwanja kingine. Lakini dawa hiyo yala petroli na saa. Mtu ajuaye kwamba ataulizwa habari ya petroli atalazimisha kutua. Sisemi marubani wote ni malaika. Wako wenye kiburi, waonao haya kupaa tena mbele ya abiria. Hao wafundishwe, tena wapewe mazoezi mara kwa mara.

Twataka iandikwe katika mapatano: rubani aliyekataa kutua kwa ajili ya upepo asikatwe hata senti moja, wala asiandikiwe barua. Na ripoti ya ajali itaje njia, mfuko wa upepo, na saa alizokuwa kazini, kabla ya kutaja kosa la mtu.

Mimi, mwenzenu wa Reli.