Rangi isitangulie
Mtu akipata Datsun 240Z, gari lililoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1971 na 1973, aghalabu pesa ya kwanza anaipeleka kwenye rangi, na hilo ni kosa. Gari hili huoza kuanzia ndani. Majani na vumbi hujikusanya chini ya matundu ya hewa yaliyo mbele ya kioo, huziba njia ya maji, na maji yaliyotuama hutafuna bati usiku na mchana. Asidi ya betri nayo hudondokea bati linaloibeba mpaka litoboke. Rangi inapotoa malengelenge chini ya mlango, bati la ndani limeshaliwa zamani. Kwa hiyo fedha ianze kuzibua mifereji, kukausha bodi na kupuliza nta ndani ya mashimo yake, ndipo tuzungumzie msasa. Wapo watakaosema gari lao halitoki gereji wala halioni mvua. Lakini gereji isiyopitisha hewa, hasa Mombasa au Tanga kwenye upepo wa chumvi, hufuga kutu, na turubai juu ya bodi yenye unyevu huzidisha. Wengine hupaka lami chini ya gari wakaona wamemaliza. Ikipakwa juu ya kutu hufungia unyevu humohumo, na bati huendelea kuliwa bila kuonekana. Lililooza likatwe, lichomelewe jipya. Ni gharama, sikatai, ila anayeanza na rangi ataibandua mwenyewe fundi atakapokuja kuchomelea.