Kidonda cha gego la mwisho hakiponi kwa vidonge vitano

Mzazi, kijana wako wa miaka 19 ameamka analalamika kwamba nyuma kabisa ya mdomo kunauma. Akitafuna anajing'ata palepale, na pumzi yake ina harufu. Ukimulika kwa tochi ya simu unaona jino limechungulia nusu, na juu yake nyama nyekundu yenye kidonda. Unamtuma duka la dawa, anarudi na vidonge vitano vya rangi mbili. Siku tatu anapata nafuu. Mwezi ujao yuko palepale.

Hapa Mwanga nakutana na habari hii mara nyingi kuliko ninavyopenda. Mimi si daktari wa meno, lakini wagonjwa hawa huanza kwangu, tena wakiwa wamechelewa.

Gego la mwisho, ambalo wengine huliita jino la hekima, huota zaidi kati ya miaka 17 na 25. Taya likikosa nafasi, jino hutoka nusu au hulala upande, na ufizi hubaki umelifunika kama mfuko. Chembe za ugali na miiba ya dagaa huingia chini ya mfuko huo, mswaki haufiki, bakteria wanazaliana, ufizi unavimba. Ukishavimba, gego la juu linaukanyaga kila unapotafuna, na hapo ndipo kidonda kinapotokea. Vidonge hupunguza bakteria kwa muda, lakini mfuko na uchafu wake vinabaki. Ndiyo maana ugonjwa unarudi.

Kinachosaidia zaidi mwanzoni ni usafi. Chukua nusu kijiko cha chai cha chumvi (ya Uvinza inatosha kabisa), koroga kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, sukutua upande unaouma kisha tema. Fanya hivyo kila baada ya kula na kabla ya kulala. Tumia mswaki laini na uufikishe nyuma hata kama damu itatoka kidogo. Wengi huacha kupiga mswaki upande huo kwa kuogopa maumivu, na uchafu unazidi. Kwa maumivu, paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa. Ibuprofen mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba asiitumie bila kuuliza. Na tafadhali, usiweke aspirini iliyosagwa, ugoro wala maji ya betri juu ya ufizi. Vinaunguza, na unakuwa na vidonda viwili badala ya kimoja.

Kisha nenda kwa daktari wa meno. Atasafisha chini ya ule ufizi, atapiga eksirei ikibidi, na ataamua kama jino lina nafasi ya kutoka au ling'olewe. Si kila gego la mwisho hung'olewa. Likiwa linasumbua mara kwa mara, hung'olewa kwa ganzi, mara nyingi uvimbe ukishatulia. Dawa za kuua bakteria ataandika kama kuna homa au uvimbe unaosambaa, na ukiandikiwa, maliza dozi.

Sasa hatari yenyewe. Mdomo ukishindwa kufunguka hata vidole viwili, shavu au chini ya kidevu kukivimba, kukiwa na homa, kumeza kukiwa shida, mate yakitiririka au sauti ikibadilika, nenda hospitali leo hii, hata usiku, Maweni au popote palipo karibu. Usaha unaweza kushuka shingoni na kuziba njia ya hewa. Ninyi wa vijiji vya mwambao mnaotegemea boti, ondokeni mara tu mdomo unapoanza kukaza, msingoje pumzi ianze kukatika.

Na kama kidonda cha mdomoni, popote kilipo, kimepita wiki mbili bila kupona, hasa kwa mvuta sigara au mtumiaji wa tumbaku, usikihesabu kuwa ni cha jino. Kinahitaji kuangaliwa na daktari, na pengine kukatwa kipande kidogo kikapimwe.