Tatuu: Ushauri wa Kijiweni Hautoshi

Kiwangwa, katika Wilaya ya Bagamoyo, inajulikana kwa mananasi. Vijana hushinda kando ya barabara ya Bagamoyo hadi Msata wakiuza matunda hayo au wakingoja abiria wa pikipiki, na penye kungoja mazungumzo hayakosekani. Siku hizi mojawapo ya mazungumzo ya vijana, huko kama kwingineko nchini, ni tatuu: mchoro upi hupendeza begani, maumivu yake ni kiasi gani, na kidonda kipakwe nini kipate kukauka upesi. Aliyekwisha kuchorwa hugeuka mwalimu, na wenzake husikiliza.

Wakubwa wengi wakiyasikia mazungumzo hayo hukemea tu. Husema kuwa kuchora mwili ni uhuni na ni kuiga mambo ya kigeni. Hoja hiyo haina nguvu. Wamakonde, ambao wengi wao walikuja pwani kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, walikuwa na nembo usoni zilizochanjwa kwa chuma na kutiwa masizi, nazo zilikuwa fahari yao. Chale za waganga nazo hazijakoma. Kijana ambaye bibi yake ana chale kifuani, akiambiwa kwamba jambo hilo limetoka Ulaya, atanyamaza kwa adabu lakini hatasadiki. Kisha atarudi kijiweni kutafuta ushauri.

Hatari kubwa haimo katika asili ya mchoro, bali katika sindano. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata katika damu kidogo isiyoonekana kwa macho. Chanjo yake iliingizwa katika chanjo za watoto nchini mwaka 2002. Kwa hiyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni. Virusi vya UKIMWI, ugonjwa uliogunduliwa nchini kwa mara ya kwanza mkoani Kagera mwaka 1983, navyo huweza kuambukizwa kwa kifaa chenye damu. Wembe mmoja uliochanja chale watu watatu na sindano moja iliyochora marafiki watatu ni hatari ileile. Kuifuta sindano kwa kitambaa hakuisafishi.

Liko pia suala la ajira. Matangazo ya kuandikisha askari polisi yamekuwa yakitaka mwombaji asiwe na michoro mwilini. Wino wa tatuu hukaa ndani ya ngozi, na kuuondoa kwa leza ni kazi ya gharama kubwa ambayo huweza kuacha kovu. Uamuzi uliofanywa kwa mzaha na kijana wa miaka 16 unaweza kumfungia mlango akiwa na miaka 20.

Mkulima makini wa mananasi hapandi chipukizi kabla ya kujua limetoka shamba gani, kwa kuwa atangoja zaidi ya mwaka kabla ya kuvuna. Kijana naye hana budi kufundishwa kuuliza mapema. Je, sindano ni mpya, na imefunguliwa mbele yake? Wino umemiminwa katika kikombe kipya? Mchoraji amevaa glavu safi? Na mchoro wenyewe, atautaka bado akiwa mzazi?

Maswali hayo ni wajibu wa wenye elimu kuyafikisha kwa vijana. Mwalimu anapofundisha magonjwa yanayoambukizwa kwa damu, azitaje tatuu na chale kwa majina yake. Afisa afya wa kata awaite wachoraji na waganga wa jadi, awaelekeze pamoja, kwa maana mtu anayefukuzwa huendelea na kazi yake mafichoni, na huko hakuna wa kumkagua sindano. Vijana wataendelea kushauriana. Kinachotakiwa ni kwamba ushauri wanaopeana uwe sahihi.