Upepo Haupimi Maili

Sikubaliani na wanaoziita kanuni za ujenzi mzigo. Kimbunga Andrew kilipoifumua Florida kusini mwaka 1992, somo lilikuwa bayana: dirisha likivunjika, upepo huingia na kulisukuma paa kutoka ndani. Ndipo Miami-Dade ikadai vifuniko vya madirisha, au vioo vinavyostahimili ubao wa kilo 4 hivi unaorushwa mita 15 kwa sekunde. Lakini kaskazini-magharibi mwa jimbo hilohilo, wabunge waliwasikiliza wajenzi, wakazisamehe nyumba zilizo zaidi ya maili moja kutoka pwani. Maili moja! Mimi nauita msamaha huo biashara. Ulifutwa 2007, baada ya Kimbunga Ivan cha 2004. Waliokwisha kujenga hawakulazimishwa kubadili dirisha hata moja, na wanaozinunua nyumba hizo leo hawakushirikishwa.