Modemu ya zamani kwenye kompyuta mpya: chama kisikimbilie dukani

VYAMA vya msingi vya ushirika na maduka ya pembejeo yanayotumia kompyuta yako katika wakati mgumu. Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa matengenezo ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na ushauri unaotolewa haraka madukani ni kununua kompyuta yenye Windows 11. Kwa anayeandika barua na kutunza hesabu tu, ushauri huo hauna tatizo. Kwa chama kinachowatumia wanachama bei za mnada kwa ujumbe mfupi kupitia modemu, mambo ni tofauti.

Oktoba ndiyo miezi ya minada ya korosho Mtwara na Lindi. Mkulima aliyeweka mzigo wake ghalani anasubiri kujua bei iliyofikiwa. Kompyuta ikibadilishwa wakati huo na modemu ikagoma, anabaki kutegemea maneno ya kijiweni, na walanguzi wa kangomba hawachelewi kufika.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuamua kwamba modemu imekufa. Pengine ni nzima. Modemu za Huawei kama E220, iliyotoka mwaka 2006, ukizichomeka hujitambulisha kwanza kama CD ili programu yake ya Mobile Partner ijisimike, kisha ndipo hugeuka kuwa modemu. Kwenye Windows mpya hatua hiyo ya kugeuka huweza kukwama. Unaiona CD, modemu huioni.

Sababu nyingine ni draiva. Windows 11 haina toleo la biti 32, na draiva ya biti 32 haifanyi kazi humo hata mashine iwe na nguvu kiasi gani. Tena tangu Windows Vista ya mwaka 2007, matoleo ya biti 64 yanadai draiva yenye sahihi ya kidijitali. Hapo fundi atafute draiva mpya ya modemu ileile kabla hajamwambia mwenye chama atoe fedha.

Lakini hata hiyo modemu mpya ni ya kuangalia. Programu kama FrontlineSMS, iliyotolewa mwaka 2005 na Mwingereza Ken Banks, ilipendwa kwa sababu hutuma na kupokea ujumbe bila intaneti. Programu za aina hiyo huzungumza na modemu kupitia poti ya COM. Modemu nyingi za baadaye, zile za HiLink, hujitambulisha kama kadi ya mtandao, nawe unazisimamia kwa kufungua anwani 192.168.8.1. Kwa intaneti ni rahisi kuliko zile za zamani. Kwa programu ya ujumbe inayotafuta poti ya COM ni balaa, maana poti yenyewe huenda haipo kabisa. Muuzaji akisema modemu hii inakubali Windows 11, anasema kweli, ila hajajibu swali lako.

Kabla ya kununua chochote, toa laini uiweke kwenye simu utume ujumbe, ili ujue kama ina salio na haidai namba ya siri. Funga kabisa Mobile Partner, kwa kuwa ikiwa wazi huishikilia poti na programu nyingine haipati nafasi. Angalia namba ya poti kwenye Device Manager, uifungue kwa programu ya PuTTY, kisha uandike AT. Modemu ikijibu OK, basi tatizo liko kwenye mipangilio ya programu ya ujumbe. Kama modemu inakataa laini ya kampuni nyingine, hiyo imefungwa na mtandao uliyoiuza. Kuichakachua kwa programu za mitaani kunaweza kuiua kweli.

Kwa wanaohitaji muda, Microsoft ilitangaza matengenezo ya ziada ya Windows 10: kwa kompyuta binafsi dola 30 hadi Oktoba 13, 2026, na kwa taasisi dola 61 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza. Kwa maoni yangu, chama kidogo kina njia ya bei nafuu zaidi. Kompyuta ya zamani ibaki na modemu yake kwa kazi ya ujumbe peke yake, bila kuingia intaneti, na hesabu na barua pepe zihamie kwenye mpya.

Wapo watakaosema modemu zimepitwa na wakati, chama kijiunge na huduma ya kutuma ujumbe kwa wingi kupitia intaneti. Ni kweli huduma hizo ni za haraka. Ila zinahitaji intaneti ya uhakika, na ujumbe ukitoka kwa jina la chama badala ya namba, mkulima hawezi kuujibu. Akitaka kuuliza kwa nini kilo zake zimepungua, itabidi afunge safari hadi ofisini.