Umri wa ext4 Si Hoja

Kila watu wa distro fulani ya Linux wanapojadili kubadili mfumo wa faili, ule unaowekwa kwenye diski bila mtumiaji kuulizwa, hutokea sauti ileile: acheni ext4 ilipo. Ni ya zamani, imezoeleka, haijamwangusha mtu. Maneno haya yamerudiwa mpaka yamehesabiwa kuwa busara isiyodaiwa ushahidi. Nayapinga, na nitaanza na historia ya ext4 yenyewe, kwa sababu ndiyo inayoyakanusha kwanza.

Desemba 2008 lilitoka toleo la 2.6.28 la kiini cha Linux, na humo ext4 ikatolewa kwenye orodha ya vitu vya majaribio. Juni 2009, miezi sita tu baadaye, Fedora 11 ikaifanya chaguo-msingi. Oktoba mwaka huohuo Ubuntu 9.10 ikafuata. Na mwanzoni mwa mwaka huo kilizuka kisa ambacho watetezi wa ukongwe wamekisahau. Watu ambao kompyuta zao ziliganda ghafla waliziwasha upya wakakuta faili za mipangilio zipo kwa jina tu. Ndani hamna hata baiti moja. Sababu ni kwamba ext4, ili ifanye kazi haraka, huchelewa kuamua data mpya ikae wapi kwenye diski. Kompyuta ikizimika kabla ya uamuzi huo, jina la faili limeshaandikwa lakini yaliyomo hayapo. Theodore Ts'o, msimamizi wa ext4, alieleza kwamba waliokosea ni waandishi wa programu, ambao hawakuomba data ishushwe diskini kwanza, na kwa kanuni za POSIX alikuwa na haki. Hata hivyo aliandika marekebisho, maana faili za watu zilikuwa zinapotea.

Kumbe ext4 haikuchaguliwa kwa kuwa kongwe. Ilichaguliwa ikiwa changa, ikakomaa mikononi mwa mamilioni ya watu waliopewa bila kuiomba. Linganisha na mfumo mwingine wa faili, Btrfs, ambayo Chris Mason aliianzisha akiwa Oracle mwaka 2007. Iliingia kwenye kiini cha Linux mwaka 2009, na Fedora ikaifanya chaguo-msingi cha matoleo yake ya kompyuta za mezani Oktoba 2020. Fedora iliisubirisha miaka 11 tangu iingie kwenye kiini, ilhali ext4 iliisubirisha miezi sita tangu itolewe kwenye majaribio. Anayeshika kipimo cha umri basi akishike kwa wote.

Lakini hata kipimo chenyewe hakifai, kwa sababu kinasahau chaguo-msingi ni kwa ajili ya nani. Mhandisi wa seva hakihitaji. Atachagua mwenyewe, tena atajua kwa nini. Chaguo-msingi ni uamuzi unaofanywa kwa niaba ya mtu asiyejua kwamba kuna jambo la kuamuliwa. Mtu huyo hana shida na majedwali ya kasi, yale yanayoonyesha mfumo huu umeupita ule kwa sekunde kadhaa katika kufungua kifurushi kikubwa. Anachohitaji ni kuambiwa ukweli siku diski yake itakapoanza kuharibika.

Hapo ndipo ext4 inapomnyima haki yake. Ext4 huweka alama za uhakiki kwenye taarifa zake yenyewe: majina, ukubwa, mahali faili ilipo. Yaliyomo ndani ya faili haiyahakiki. Chukua picha za harusi zilizohifadhiwa kwenye diski ya kompyuta ya mtumba, diski ambayo imeshazunguka miaka mingi kwa mwenyewe wa kwanza. Sehemu ndogo ya picha moja ikioza na diski isigundue, ext4 itaisoma na kuitoa kama ilivyo, bila neno. Mwenye picha ataiingiza kwenye nakala rudufu, ile iliyooza ikaifuta ile nzima. Siku atakapoifungua, nakala nzuri haipo tena popote. Watu wa namna hii ndio wanaohesabiwa kwamba ext4 haijawahi kuwapotezea kitu.

Btrfs huweka alama ya uhakiki kwa kila kipande cha data, na kila inapokisoma inalinganisha. Visipolingana, inakataa kukitoa na inatoa taarifa ya kosa. Kwa diski moja yenye mpangilio wa kawaida haiwezi kuirudisha picha iliyooza, na asikudanganye mtu kwamba inaweza. Lakini mwenye picha ataambiwa mapema, nakala yake nzuri ikiwa bado salama. Tena, kwa kuwa haiandiki mabadiliko juu ya data ya zamani bali mahali papya, inaweza kuhifadhi hali ya mfumo mzima ilivyokuwa kabla ya sasisho. openSUSE imeifanyia kazi hiyo tangu toleo la 13.2 la mwaka 2014: sasisho likivuruga mashine, unarudi kwenye hali ya jana ukiwa kwenye menyu ya kuwashia.

Hapo utaambiwa: mbona Red Hat iliitupa? Ni kweli. Mwaka 2017, katika toleo la 7.4 la RHEL, distro yake ya makampuni, Red Hat ilitangaza kuiacha Btrfs, na RHEL 8 ya mwaka 2019 ikatoka bila hiyo. Lakini mwaka 2014 Red Hat ilikuwa imeshaiacha ext4 pia kama chaguo-msingi na kuchukua XFS, mfumo uliozaliwa SGI miaka ya 1990, na ina kundi kubwa la wahandisi wanaoujenga. SUSE, ambayo wahandisi wake wanaijenga Btrfs, iliendelea kuyauzia makampuni mfumo huo. Kila mmoja alichagua kile anachoweza kukitengeneza kikiharibika. Hicho ndicho kipimo ninachokiheshimu, na SUSE ilikijua kwa machungu: kwa miaka mingi iliweka ReiserFS, hadi mwaka 2006 ilipohamia ext3, maana waanzilishi wa ReiserFS walikuwa wameshaelekeza nguvu kwenye mrithi wake. ReiserFS iliondolewa kabisa kwenye kiini cha Linux mwaka 2025. Fedora nayo, ilipohama mwaka 2020, ilikuwa na wajenzi wa Btrfs walioajiriwa na Facebook, kampuni inayoitumia kwenye seva zake nyingi. Hata hivyo toleo la Fedora la seva lilibaki na XFS. Ni sawa kabisa. Anayelitumia ni mtu mwingine.

Btrfs ina mabovu yake, na siyafichi. Muungano wa diski wa RAID 5 na 6 bado una onyo katika maelekezo yake rasmi. Hifadhidata nzito na mashine pepe huitesa kwa sababu ya kule kuandika mahali papya kila mara. Na katika miaka ya mwanzo ya openSUSE, picha za hali ya mfumo zilijaza diski za watu waliotenga nafasi ndogo. Lakini mtu wa laptopu yenye diski moja, picha na barua hayuko katika mawili ya kwanza, na la tatu linazuiwa na distro inayopanga ukomo.

Distro ya watu wa kawaida yenye wahandisi wa kuisimamia Btrfs iiweke. Isiyo nao ibaki na ext4, ila iwaeleze watumiaji wake waziwazi kwamba mfumo huu hauhakiki yaliyomo kwenye faili. Nawe msomaji, fungua dirisha la amri uandike df -T / usome aina iliyotajwa. Ukikuta ext4, usiifute nakala rudufu ya zamani kila unapotengeneza mpya. Bakiza japo moja ya miezi kadhaa nyuma.